Kabla hamjachimba shimo la choo

Mwenzangu Asha,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na kila nikiusoma nafurahi kwanza, kisha moyo unaingia hofu. Umeniambia shamba la marehemu baba yako huko Makangale, Pemba, upande wa kwendea ufukwe wa Vumawimbi, mmekubaliana na ndugu zako msiliuze, mjenge vyumba sita vya wageni. Kwenye kutouza nakuunga mkono kwa mikono miwili. Huku kwetu Jambiani, Unguja, wapo waliouza viwanja vya pwani, na leo wanaomba kazi ya ulinzi kwenye viwanja vilevile.

Uliniuliza habari za vitanda, bei na namna ya kupata wageni. Hayo tutayazungumza kwa simu. Leo nataka nikwambie habari za maji na choo, kwani hapo ndipo mimi na kaka tulipokosea.

Tulipojenga vyumba vyetu vinne, fundi alichimba shimo la choo kwenye maweni, akajenga kuta, chini akaacha mwamba mtupu. Alisema halitajaa kamwe, na kweli halikujaa. Hatukujiuliza yale maji yanakwenda wapi. Jiwe letu la huku unalijua, lina matundu kama mkate wa kumimina. Mvua ikinyesha haitwami, inazama papo hapo, na yale maji matamu yanakaa juu ya maji ya bahari yaliyoingia chini kwa chini. Ukiyateka kwa ndoo yanajirudisha. Ukitia pampu ukayavuta mchana kutwa, ya chumvi yanapanda.

Kisima cha mama kiko hatua arubaini kutoka vyumbani. Mwaka wa pili, wakati wa kaskazi, wageni wamejaa, maziwa ya chai yake yakaanza kukatika. Alimlaumu muuza maziwa, akahamia kwa mwengine, yakakatika vilevile. Siku moja alfajiri akateka maji, akaonja, kisha akanipa kata bila kusema neno. Chumvi. Ladha ile bado iko kwenye ulimi wangu.

Nikakaa nikahesabu. Mama na wajukuu zake watatu walitumia ndoo sita kwa siku, kupika, kufua na kuoga. Vyumba vinne vilikuwa na tangi la lita 2,000. Tukilijaza asubuhi, kufika alasiri limekauka. Mgeni anaoga akitoka baharini, anaoga tena kabla ya chakula cha usiku, shuka na mataulo yanafuliwa kila siku, na sisi juu yake tunamwagilia maua yasiyokuwa ya pwani.

Choo kina hatari zaidi, kwa sababu hukionji kama unavyoonja chumvi. Kinachopita kwenye mwamba kinakwenda visimani, kisha kinatokea huko mbele, maji yakitoka, palepale wanawake wanapofunga mwani. Wewe unajua mwani ni nini kwangu. Ulianza kulimwa kwetu na Paje mwaka 1989, mbegu zikitoka Ufilipino, na dahalia tuliyolala mimi na wewe mama aliilipia kwa magunia ya mwani. Sisemi choo chetu ndicho kilichoua mwani mnene, ile aina yenye bei nzuri. Bahari imezidi joto, na hilo lina sababu kubwa kuliko kijiji chetu. Lakini bahari iliyokwisha kudhoofika tusiitie na uchafu wetu.

Kuna na jirani yetu mmoja mwenye hoteli aliyejenga ukuta mpaka ufukweni. Mchanga wa upande wa pili umeliwa, na njia ya kwenda pwani imezibwa. Siku za bamvua mama anazunguka na gunia la mwani mbichi kichwani, linachuruzika mgongoni. Miguu yake hiyohiyo ndiyo iliyoijua njia ile kabla ya ukuta.

Njia nyengine ipo, Asha, nimeiona kwa macho. Nilifuatana na wanafunzi wa skuli yetu kwenda Chumbe, kisiwa ambacho matumbawe yake yalihifadhiwa kisheria mwaka 1994. Nyumba za wageni ni saba tu. Mapaa yanakinga maji ya mvua yakaingia kwenye tangi chini ya nyumba, na choo hakitumii maji kabisa, kinyesi kinageuka mbolea. Hakuna linalomiminwa baharini. Na wageni wanalipa pesa nyingi kulala pale.

Na kwa nini niende mbali? Kijiji cha Kidike kiko huko kwenu Pemba. Popo wa Pemba hawapo pengine popote duniani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Wanakijiji wakaamua kuwalinda, wageni wakawa wanalipa kuwaona, na miaka ya 2000 popo walihesabiwa zaidi ya 20,000 kisiwani. Mti uliosimama ukawa na faida kuliko kitoweo cha siku moja. Msitu wa Ngezi ndio utakaokuleteeni wageni nyinyi, basi msikate mti wa mpapindi hata mmoja kwa mapambo ya baraza. Na vyumba sita ni vingi. Anzeni na vitatu, muone maji yanasemaje.

Sisi tulivunja lile shimo. Tukajenga karo la maji machafu lenye sakafu ya zege, ndani limegawiwa sehemu tatu, likijaa gari linakuja kuvuta uchafu, tukatia mifereji kwenye mapaa, pampu tukaing'oa. Gharama yake ingejenga vyumba viwili vipya. Masika mawili yamepita, na kisima cha mama kimepata nafuu, ila hakijarudi kama zamani. Chai anapika kwa maji ya mvua.

Likizo ya Disemba nakuja, inshallah. Nakuomba fundi asichimbe kitu mpaka nifike. Nipeleke kwenye kile kisima cha bibi yako tulichoteka maji mwaka nilipokuja harusini kwa dada yako. Nataka niyaonje kwanza.

Msalimie mama sana.

Wako,
Mwanaisha