Barua ya wazi kwa shangazi yangu: protini isiyoshikika

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Uliniuliza jikoni, karatasi ya majibu ya mapafu yako ikiwa mezani: kama wanaijua protini inayoleta saratani hii ya mapafu, mbona hawaizuii? Nilikujibu kwa haraka, na jibu lile halikukutosha. Kwa kuwa umeniruhusu kuandika hadharani, nalijibu upya.

Protini yenyewe inaitwa KRAS. Inaposhika molekuli iitwayo GTP, huiamuru seli igawanyike; ikishaikata GTP hiyo, hutulia. Jeni yake ikibadilika mahali fulani, ukataji hudorora, na amri ya kugawanyika haikomi. Haya yalianza kufahamika tangu 1982, lakini kwa takriban miaka 40 dawa haikupatikana, kwa sababu KRAS huing'ang'ania GTP kwa nguvu kubwa mno, na seli imejaa GTP tele, hivyo dawa yoyote inayogombea nafasi hiyo hushindwa. Kwingineko uso wake ni laini kama gololi iliyopakwa mafuta. Wataalamu wengi walikata tamaa, na siwalaumu.

Kevan Shokat na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliiacha nafasi ya GTP wakaliendea badiliko lenyewe. Katika aina iitwayo G12C, asidi amino ya 12 (asidi amino ndizo vijenzi vya protini), ambayo kwa kawaida ni glisini, huwa imegeuka kuwa sisteini, na sisteini ina atomu ya salfa ambayo kemikali inaweza kujifunga nayo moja kwa moja. KRAS ya seli yenye afya haina salfa mahali hapo, kwa hiyo ndoana haina pa kunasa. Walijaribu molekuli 480, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba baadhi yake zilijipenyeza katika kijishimo ambacho picha za awali za protini hiyo hazikukionyesha. Kijishimo kilijifungua molekuli ilipoingia. Kila ninaposoma sehemu hiyo husimama kidogo, Shangazi, maana kitu walichokitafuta wote kilikuwa hakionekani mpaka kiguswe.

Molekuli zile za kwanza hazikuwa dawa bado. Kampuni kadhaa ziliifuata njia hiyo, na Mei 2021 Marekani iliidhinisha vidonge vya sotorasib kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu yenye G12C ambao tayari walikuwa wamepata tiba nyingine. Mwishoni mwa 2022 ikafuata adagrasib. Sitakuficha kitu. Katika jaribio la sotorasib, kati ya wagonjwa 124, uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa asilimia 37 hivi, na kwa nusu yao wote ugonjwa ulikuwa umesonga mbele tena, au mgonjwa amefariki, katika muda wa miezi 7 hivi, kwani seli za saratani hutafuta njia nyingine. Hiyo si tiba ya kuponya, ila ni miezi ambayo zamani haikuwapo.

Nimeitazama tena picha ya karatasi yako. Imeandikwa KRAS, kisha wino umefifia. Kliniki ijayo, tafadhali muulize daktari ni badiliko gani hasa, na akuandikie kwa kalamu herufi na namba zote zinazofuata, kisha unipigie hata kama ni usiku.

Mimi mwanao.