Miaka 40 ya Ghostbusters: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024

Ndugu wanachama, mlioko hapa ukumbini na mnaotufuata kwa simu kutoka Mombasa, Bujumbura na Muscat, habari za siku nyingi.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze kila mwisho wa mwaka chama chetu cha wapenzi wa Ghostbusters kimefanya nini. Mwaka huu Ghostbusters, ile filamu ya kuchekesha ya watu wanaofungua biashara ya kuwinda mizuka jijini New York, imetimiza miaka 40 tangu ilipoanza kuonyeshwa Marekani, tarehe 8 Juni 1984, kwa hiyo shughuli zilikuwa nyingi. Mtaniwia radhi nikikaa sana kwenye jambo moja, la tafsiri, maana ndilo lililotukesha na ndilo nililo na ombi juu yake.

Nianze na ziara. Tarehe 8 Juni iliangukia Jumamosi. Tulivuka kutoka Jersey City kwa treni, watu 19 pamoja na watoto, tukatembea hadi pembe ya North Moore na Varick, kilipo kituo cha zimamoto cha Hook & Ladder 8. Wengi wenu mlikuwa mnakiona kwa mara ya kwanza na niliwasikia mkinong'ona kwamba ni kidogo. Ni kidogo kweli. Kilijengwa mwaka 1903 kikiwa kipana zaidi, kisha mwaka 1913 barabara ya Varick ilipopanuliwa nusu ya jengo ikaondolewa. Nusu iliyobaki ndiyo iliyoingia kwenye filamu kama makao ya wawindaji. Ndani hatukuomba kuingia, na hata tungeingia tusingekutana na ukumbi ule tunaoujua, kwa sababu sehemu za ndani zilipigwa kwenye kituo kingine, kule Los Angeles, ambacho hakikuwa kikitumika tena. Hiki cha Manhattan bado ni cha kazi. Tukiwa katikati ya kupiga picha, mlango ulifunguka, gari likatoka kwa ving'ora, nasi tukajibanza ukutani. Mtoto wa Katibu, aliyekuwa amevaa begi la protoni, ile silaha ya mgongoni ya wawindaji, alilotengeneza kwa maboksi na mpira wa maji, alipungiwa mkono na mzimamoto mmoja. Mama yake ananiambia begi lile sasa analala nalo.

Kabla ya hapo, mwezi Machi, tulikwenda pamoja kuangalia Frozen Empire, filamu mpya ya mfululizo huu. Maoni yaligawanyika. Mimi niliipenda, hasa kwa kumwona Annie Potts, Janine wetu wa mapokezi, hatimaye kavaa sare. Filamu ile imetolewa kwa heshima ya Ivan Reitman, mwongozaji wa zile mbili za mwanzo, aliyefariki Februari 2022, kama Afterlife ya mwaka 2021 ilivyotolewa kwa heshima ya Harold Ramis, mwigizaji na mwandishi mwenza wa zile za mwanzo, aliyetutoka Februari 2014. Jina la Reitman lilipotokea, safu yetu nzima ilisimama bila kuambizana. Nawashukuru kwa hilo.

Na hapa niseme neno ambalo huenda baadhi hawatalipenda. Tunao wanachama vijana, wengi wao mabinti, walioingia kwetu kupitia filamu ya mwaka 2016, ile ya Melissa McCarthy, Kate McKinnon na wenzao, ambamo wawindaji ni wanawake. Kwenye kundi letu la simu wamekejeliwa zaidi ya mara moja. Sikubaliani na jambo hilo na sitalivumilia. Wengine tuliingia kwa filamu ya 1984, wengine kwa katuni, wengine kwa wimbo wa Ray Parker Jr. tu. Hakuna aliyeingia kwa mlango wa nyuma.

Sasa tafsiri. Mnakumbuka azimio la mwaka jana: tuandae simulizi ya Kiswahili ya filamu ya kwanza, isomwe moja kwa moja tukiwa tumekaa pamoja, kama tulivyozoea kwenye vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video. Waliokulia Kenya wanamtaja DJ Afro, waliopita Uganda wanasema VJ, lakini sote tunajua utamu wa filamu yenye sauti ya mtu wa kwenu juu yake.

Usiku wa kwanza tulikwama kwenye jina. Wengi walisema "wawinda mizimu". Mzee wetu wa Tanga akainua mkono. Mzimu, alisema, ni mtu wenu aliyetangulia. Ana mahali pake, mnamfanyia tambiko, mnamwomba mvua. Mzimu hategewi mtego, hutengewa chakula. Akapendekeza mzuka, kwa kuwa mzuka huzuka, hauna miadi na mtu. Dada yetu wa Mombasa akaongeza kwamba majini tusiyaguse kabisa, hao ni viumbe na wamo wenye dini yao. Basi tukapita onyesho kwa onyesho. Yule bibi anayesoma kitabu chini ya maktaba ni mzuka. Yule wa kijani anayefagia vyakula hotelini ni mzuka pia, mlafi. Lakini Dana, yule mteja wao wa kwanza? Dana hakutokewa na mzuka. Zuul, kiumbe wa ulimwengu mwingine, alimwingia, kwa hiyo amepandwa na pepo, na jirani yake Louis vilevile.

Hapo palinisisimua mno. Kwetu mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti cha pepo, na Dana anakamatwa na nini? Na kiti chake cha sebuleni. Halafu tazameni Egon, mwindaji msomi, anavyomfanya Louis: anamkalisha, anamvika kitu kichwani, anamuuliza jina lake, anamsikiliza mpaka mwisho bila kumcheka. Mganga wa kupunga pepo angeanza hivyohivyo: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Dan Aykroyd, mwandishi wa filamu na mwigizaji wa Ray, mwindaji mwingine, hakuyabuni haya kwa mzaha. Baba wa babu yake alikuwa daktari wa meno huko Ontario, Kanada, aliyekuwa akifanya vikao vya kuita roho, na baba yake mzazi aliandika kitabu juu ya historia hiyo, kikatoka mwaka 2009. Filamu hii inachekesha, lakini mizuka yenyewe haiichezei, na nadhani ndiyo maana wazee wetu wanaikubali.

Rasimu ya kwanza ya Aykroyd iliwaweka wawindaji hawa katika zama zijazo, wakisafiri ulimwengu hadi ulimwengu. Reitman ndiye aliyeivuta chini hadi New York ya siku zile, Ramis akaingia kwenye uandishi, na ikawa habari ya watu wanaofungua biashara. Wanafukuzwa chuo kikuu. Ray anaweka rehani nyumba aliyoachiwa na wazazi. Wananunua Cadillac kuukuu ya mwaka 1959, wanamwajiri mtu wa kupokea simu, na simu hailii. Wangapi humu hawajaweka rehani shamba la baba ili wafike hapa?

Kisha anakuja Winston, anaomba kazi. Anaulizwa orodha ndefu ya mambo anayoyaamini, naye anajibu kwamba mshahara wa uhakika ukiwepo ataamini lolote. Tulipoyatafsiri maneno hayo, ndugu yetu wa Lubumbashi anayeendesha malori usiku alinyamaza, kisha akasema, "Huyo ni mimi." Ernie Hudson, aliyemwigiza Winston, ameeleza hadharani kwamba sehemu yake ilipunguzwa sana kabla ya kamera kuanza kuzunguka, kwamba Winston alipaswa kuingia mapema na kuwa na historia ya jeshini. Alibaki na kidogo, akakibeba kwa heshima. Katika Frozen Empire Winston ndiye tajiri, kituo ni chake. Ilichukua miaka 40, nami nililia kwenye kiti changu.

Fedha atazisoma Mweka Hazina. Nitaje jambo moja tu: ukumbi tulioulipia kwa onyesho la Oktoba ulikuwa umekodishwa pia kwa harusi, na fedha zetu zilirudi pungufu. Tulihamia sebuleni kwa Katibu, tukatandika mikeka, tukabanana watu 31, simulizi ikasomwa hadi pale afisa wa mazingira anapozima mitambo ya kufungia mizuka, nayo yote ikafunguliwa. Karatasi zilikuwa zimeishia hapo. Watoto waligoma kuondoka mpaka niwasimulie kwa kichwa habari za lile jitu jeupe la peremende linalokuja likikanyaga magari.

Ombi langu ni hili. Zimebaki kurasa za mwisho, kuanzia wawindaji wanapotiwa jela mpaka paa la jengo la 55 Central Park West, anakoishi Dana. Nataka ziwe tayari kabla ya tarehe 8 Juni 2025. Tunahitaji wasomaji. Dana na Janine wameshapatikana. Sauti ya Winston nimemwomba ndugu yetu wa Lubumbashi, naye amekubali iwapo zamu zake za lori zitaruhusu, hivyo mazoezi yatafanyika Jumapili mchana. Anayetaka kusoma Egon au Venkman, mwindaji mwenzake, aandike jina kwenye daftari lililo mezani karibu na birika la chai, kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.