Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Shughuli za kawaida mnazijua: kamati ilikutana mara 5, waliolazwa walitembelewa, siku ya kuchangia damu ilifanyika, na hesabu zilizokaguliwa mnazo mikononi. Daftari lina majina 148. Waliolipa ada ni 53, waliokuja mkutano wa Septemba ni 19, na akidi ni 50. Watu zaidi ya 40 niliwapigia simu mwenyewe, na wengi waliniahidi kuja. Iliniuma.

Nayataja haya kwa sababu ndiyo chanzo cha manung'uniko kuhusu barua. Tuliombwa maoni juu ya pendekezo kwamba wavuta sigara, wanywaji na wenye unene uliokithiri warudishwe nyuma kwenye foleni ya matibabu ya umma. Tulipewa wiki 3. Mkutano haukutimia, kamati ikapiga kura, 6 kwa 3, tukapinga. Barua niliiandika mimi, kwa usiku miwili, na sahihi ni yangu. Wapo wanaosema nimekiburuza chama. Nisingeiandika, muda ungepita tukiwa kimya.

Hoja ya wenzetu watatu siidharau. Mmoja wao hajawahi kugusa pombe, na figo zake zimeharibiwa na ugonjwa wa kurithi. Aliniuliza mbele ya kamati: "Mwenyekiti, kwa nini nisubiri nyuma ya mtu aliyejiharibu mwenyewe?" Siku ile nilinyamaza. Leo namjibu.

Nilikuwa wodini na kaka yangu, macho yamegeuka manjano, tumbo limejaa maji. Hajapimwa hata presha, akaulizwa, "Unakunywa?" Akasema hapana. Nilikuwa nimemshika mkono, nikausikia ukikaza. Alikuwa amesikia kwenye benchi la kusubiri kwamba ukikiri unaachwa mwisho. Siku 4 zikaisha kwa vipimo vya kutafuta ugonjwa ambao hakuwa nao, mpaka nilipomfuata daktari kwenye korido nikamwambia ukweli. Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko yote: maelezo ya mgonjwa yakigeuzwa ushahidi dhidi yake, wagonjwa watajifunza kuficha, na daktari atatibu gizani.

Kuhukumu mwenendo kumeshajaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache, na kamati ya watu 7 ikachagua nani awekwe. Walitazama kazi ya mtu, ndoa yake, hata kama anakwenda kanisani. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliamua serikali igharamie karibu wagonjwa wote wa figo waliofikia hatua ya mwisho. Mwenzetu wa figo, kamati kama ile ingeweza kukukataa wewe pia, kwa sababu nyingine kabisa.

Na wanywaji? Hospitali nyingi zilidai miezi 6 bila pombe kabla ya kupandikiza ini. Madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walipandikiza mapema wagonjwa 26 wenye homa kali ya ini ya pombe, waliochaguliwa kwa uangalifu. Matokeo yalitoka 2011. Baada ya miezi 6 walikuwa hai asilimia 77, na wa kulinganishwa nao ambao hawakupandikizwa, asilimia 23. Wengi wa hao wangekufa wakisubiri kuthibitisha toba yao.

Hatukusema daktari asiulize. Kumwambia mvutaji aache sigara wiki kadhaa kabla ya upasuaji ni tiba, kwa kuwa kidonda hupona vizuri zaidi, mradi asaidiwe kuacha. Anayehitaji zaidi na atakayenufaika atangulie. Hilo tunalikubali na limo ndani ya barua. Tunachokataa ni kumchelewesha mtu ili iwe adhabu, hasa kwa nikotini ambayo wengi huianza wakiwa bado vijana wadogo.

Mwaka ujao tunatarajia kupata ofisi ya kudumu, kuongeza vijana na, panapo majaliwa, kuandaa semina ya mada hii.

Barua bado haijajibiwa. Nakala iko kwa katibu. Mwanachama anayeipinga aandike hoja zake, nami nitazituma kama zilivyo, bila kugusa neno, ilimradi ada yake imelipwa kama katiba yetu inavyotaka.

Mwenyekiti