Wakaguzi wa vyuo vya ustawi wa jamii wavuke geti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme neno kuhusu namna tunavyovikagua vyuo vya ustawi wa jamii vilivyoko vijijini. Kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa nikipokea wanachuo wa mafunzo kwa vitendo (wenyewe huyaita fildi), na mara mbili nimeketi kwenye jopo la kukagua chuo. Mara zote mbili mambo yalikwenda vilevile. Tulifika asubuhi, tukapokewa na mkuu wa chuo, tukahesabu madarasa, viti, kompyuta na vitabu, tukapekua majalada ya wahadhiri kuona vyeti vyao, tukala, tukaagana. Kijiji kilikuwa mbele ya geti, mwendo wa dakika tano. Hakuna aliyekwenda. Ripoti zote mbili zilitoka nzuri, na ya pili niliisaini kwa aibu kidogo.

Chuo cha useremala kikikaguliwa, mkaguzi huomba kuonyeshwa karakana. Ataangalia mbao, randa na misumeno, kisha ataitikisa meza iliyotengenezwa na mwanafunzi aone kama inayumba. Karakana ya mwanachuo wa ustawi wa jamii ni nyumba za watu. Huko ndiko anakojifunza kumsikiliza mzee aliyetelekezwa, kukaa kati ya wazazi wanaogombea mtoto, na kumvumilia binti aliyetendewa ubaya mpaka aseme kwa wakati wake. Sisi tunatoa alama bila kuingia karakana.

Sisemi majengo hayana maana. Bweni linalovuja linavuja, na anayelala humo hasomi vizuri. Ila vifaa vya kazi hii ni vya aina yake, na vingi havimo kwenye fomu ya mkaguzi. Chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungika, ambamo wanachuo wawili wanaweza kuigiza mahojiano bila wenzao kuchungulia dirishani, kina faida kuliko ukumbi mkubwa wa sherehe. Kabati lenye kufuli la kuhifadhia maelezo ya wateja ni la lazima; nimeshakuta maelezo hayo, majina na yote, yamelundikwa juu ya meza ya maktaba kama magazeti ya zamani. Msimamizi naye anahitaji usafiri, na pikipiki moja yenye mafuta itamsaidia kuliko basi linalowashwa siku ya mahafali. Kuna hili pia, linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja: chuo kinafundisha haki za watu wenye ulemavu muhula mzima, na darasa lenyewe liko ghorofani, ngazi tupu, hakuna pa kupitisha kitimwendo.

Kwenye ufundishaji ndiko penye mzizi. Taaluma hii ilikulia mjini. Toynbee Hall, nyumba ya wasomi waliotaka kuishi na kuwatumikia maskini, ilifunguliwa mashariki mwa London mwaka 1884, na Hull House ya Jane Addams na Ellen Gates Starr ikafuata huko Chicago mwaka 1889. Wasomi walihamia mitaa ya maskini wakaishi humo humo. Chuo kinachotajwa mara nyingi kuwa cha kwanza duniani kufundisha ustawi wa jamii kilianza Amsterdam mwaka 1899. Ndiyo maana vitabu vingi tunavyofundishia bado vina sura ya mji. Mteja huja ofisini kwa miadi, mhudumu hamjui, wanazungumza, na akihitaji wakili au daktari wa akili anaandikiwa rufaa kwenda jengo la pili.

Mwanachuo aliyefunzwa hivyo akifika kijijini anaduwaa. Mteja wake ni shemeji wa mwenye nyumba alikopanga. Watakutana kisimani, watakutana kwenye ibada, watakutana njiani mara tatu kwa siku. Akionekana ameketi na mama fulani chini ya mti kwa nusu saa, jioni watu wanajua kuna jambo, na kesho yake wanalijua jambo lenyewe. Rufaa nayo inaweza kuwa safari ya siku nzima, kwa nauli ambayo mteja hana. Kutunza siri mahali kama hapo kuna ufundi wake. Unapita nyumba nne siku hiyo ili ile moja isijulikane. Unakubaliana na mteja mapema kama mkikutana njiani mtasalimiana au mtapishana. Unajiandaa utamjibu nini kiongozi wa kijiji akikuuliza kwa upole, tena kwa nia njema, kwamba yule binti ana tatizo gani. Mambo haya hayafundishwi kwa kusomewa kanuni ya usiri ubaoni. Ningeruhusiwa swali moja tu darasani, ningewauliza wanachuo: mteja wako ni jirani yako, unafanyaje? Majibu yao yangeniambia mengi kuliko mtaala uliochapwa vizuri.

Ukiuliza kuhusu fildi, vyuo hujibu kwa kutaja saa. Saa zina maana yake, sikatai. Marekani, baraza linalosimamia elimu hii linataka zisizopungua 400 kwa shahada ya kwanza na 900 kwa uzamili, na tangu mwaka 2008 limeyatambua mafunzo kwa vitendo kuwa ndiyo namna hasa ya kufundishia taaluma hii. Lakini mwanachuo anaweza kumaliza saa 400 akipanga mafaili, akipokea wageni na kutumwa kutoa fotokopi. Nimewapokea wa namna hiyo kutoka vituo vingine. Wana muhuri na saini za kutosha, ila hawajawahi kukaa na mteja peke yao hata mara moja.

Pa kutazama ni kwenye daftari. Mwanachuo akitoka kuzungumza na mteja huandika yaliyosemwa, aliyoyaona, na yeye mwenyewe alivyojisikia: alikasirika wapi, aliogopa wapi, wapi alikimbilia kutoa ushauri kabla ya kusikia. Msimamizi husoma, huandika pembeni, kisha wanakaa kuzungumza. Mkaguzi achukue madaftari matatu bila kuchagua. Akikuta pembeni mna maswali, kwa mfano "kwa nini hapa ulibadilisha mada?", basi chuo hicho kinafundisha. Akikuta alama ya vema na neno "vizuri" kila ukurasa, ajue daftari linasainiwa tu. Niliwahi kuletewa la wiki nane, kurasa zote zimesainiwa kwa kalamu moja, bila shaka kwa mkao mmoja. Simlaumu sana msimamizi yule. Mhadhiri mwenye wanachuo waliotawanyika vijiji kumi na viwili, bila nauli, atafanya nini? Lakini hilo ndilo jambo ambalo ripoti ingepaswa kuliandika, na ripoti iliandika idadi ya kompyuta.

Nije kwenye huduma kwa jamii, ambako vyuo hupenda kutupeleka kwa picha. Tulionyeshwa albamu: wanachuo wamevaa fulana zinazofanana, bango kubwa, watoto wamepangwa mbele. Siku moja kwa mwaka. Niliwauliza kama wazazi wa watoto wale waliombwa ruhusa ya picha, kukawa kimya kidogo, kisha tukafungua ukurasa mwingine. Kila muhula pia wanachuo hutumwa na dodoso. Mama mmoja mwenye watoto wanne aliniambia siku nyingine, nikiwa kwenye kazi zangu: "Mwaka juzi mlinihesabia watoto, mwaka jana mlinihesabia watoto. Watoto ni wale wale." Alicheka aliposema, lakini hakunikaribisha kiti. Hajawahi kuambiwa hesabu hizo zilikwenda wapi, wala hakuna aliyerudi kusoma matokeo mbele ya mkutano wa kijiji.

Kibaya zaidi ni mashauri yanayoachwa njiani. Mwanachuo anakuja kwa wiki nane, anampata mtoto anayepigwa nyumbani, anajenga imani, mtoto anaanza kusema. Wiki ya tisa mwanachuo yuko kwenye mtihani. Nani amelipokea shauri lile? Mara nyingi ni mimi, kwa bahati, kwa sababu mtoto amekuja kumuulizia "dada yule". Mkaguzi angetaka kujua kama chuo kinahudumia jamii, achague mashauri matano yaliyofunguliwa na wanachuo mwaka uliopita aulize yako wapi leo, yako mikononi mwa nani, na makabidhiano yaliandikwa lini. Nusu siku inatosha.

Mwenzangu mmoja wa jopo aliniambia wanakijiji si wataalamu, watasifu wakitarajia msaada au watalaumu kwa sababu ya ugomvi wa shamba na chuo. Inawezekana. Lakini mkuu wa chuo naye ana sababu zake za kusifu, na yeye tunamsikiliza asubuhi nzima. Isitoshe, fasili ya kimataifa ya taaluma yetu, iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, inataja maarifa ya wenyeji miongoni mwa misingi yake, sambamba na nadharia na sayansi za jamii. Tunaikaririsha wanachuo, wanaijibia mtihani, kisha tunapokagua tunawaacha wenyeji nje ya geti.

Nasikia ukaguzi mwingine unaandaliwa na huenda nikaitwa. Nikiitwa, nimeshawaandikia wahusika kwamba sitaanzia ofisi ya mkuu wa chuo. Nitaomba nishushwe kwanza kwa yule mama wa watoto wanne, na sitakuwa na dodoso.

Wako,
Msimamizi wa mafunzo kwa vitendo