Pilau tunaijua mno, waacheni maofisa wapike Kifaransa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji wa Mikocheni aliyelalamika kwamba ofisi yao imewapeleka wafanyakazi kujifunza mapishi ya Kifaransa badala ya bonanza walilolizoea la kuvuta kamba na kukimbia na magunia. Aliita jambo hilo ulimbukeni. Akasema kama ni lazima watu wapike pamoja ndipo waelewane, basi wapike pilau. Barua yake ilinichekesha, na yapo mambo mawili matatu ambayo nitamuunga mkono hapo mbele. Ila kwenye pilau, hapana.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, na sasa naishi Villeurbanne, ubavuni mwa jiji la Lyon, Ufaransa. Ni msaidizi wa jikoni katika shule ya mapishi inayopokea makundi ya wafanyakazi: watu wa benki, wa bima, wa maabara za dawa. Mpishi anafundisha. Mimi napima unga, nakata siagi, napanga visu na mbao za kukatia, na wageni wakishaondoka naosha. Kwa hiyo nawaona tangu wanapofunga aproni mpaka wanapotafuta makoti yao. Tena anayeosha vyombo husikia mengi, maana watu husahau kwamba yupo.

Sasa tuseme kweli. Chukua ofisi moja ya Dar es Salaam, wanawake kwa wanaume, uiweke jikoni na uiambie ipike pilau. Hazipiti dakika kumi, dada wa mapokezi na mama wa masjala wameshachambua mchele, wamemenya vitunguu, na mmoja ameshauliza nani kaficha binzari nyembamba. Wanaume wako mlangoni na Simba na Yanga yao. Bosi kaletewa kiti. Mwisho wa siku kila mtu yuko palepale alipokuwa asubuhi, na walewale wanaochemsha chai ya ofisi ndio waliopika. (Najua, sufuria kubwa za harusi huko pwani mara nyingi zinapikwa na wanaume. Lakini wale ni mafundi, wanalipwa.)

Chakula cha kigeni kinavuruga mpangilio huo. Mfano ni vile vidonge vya unga na jibini vya Burgundy, jimbo la hapa Ufaransa, wanavyoviita gougères, ambavyo mpishi wetu hupenda kuanza navyo. Unachemsha maji, siagi na chumvi, unamwaga unga wa ngano wote kwa mpigo mmoja, kisha unausonga kwa mwiko juu ya moto mpaka uache kushika sufuria. Ukitoka motoni unaingiza mayai, moja baada ya jingine, na kila yai linapoingia donge linateleza na kukataa kushikana, anayesonga anadhani ameharibu. Mkono unachoka, lazima mwingine apokee. Mwingine anakuna jibini. Mwingine kazi yake ni kulinda oveni tu, kwa sababu mlango ukifunguliwa kabla vidonge havijakauka, vinanywea na kulala. Ofisi ya Dar ikifika hapo, mkurugenzi na mhudumu wanaanzia sifuri pamoja. Hakuna aliyefundishwa na mama yake.

Hapa Lyon tatizo la pilau lipo pia, kwa sura yake. Hivi ni vyakula vya nyumbani kwao, hivyo katika kila kundi hatakosekana mmoja anayejua kila kitu, anayemnyang'anya mwenzake kisu na kumwonyesha. Mpishi wetu anamaliza hilo kwa kugawa vituo yeye mwenyewe, bila kuuliza nani ana cheo gani. Huu mpangilio ni wa Auguste Escoffier, mpishi Mfaransa aliyezaliwa 1846 na kufariki 1935. Alikuwa amepikia jeshi katika vita vya 1870, na baadaye, katika jiko la hoteli ya Savoy kule London, akaigawa kazi kwa vituo: huyu michuzi, huyu nyama, huyu mboga, yule keki. Sahani moja inapita mikono mingi, na wa nyama akimaliza mapema wakati wa mchuzi bado, nyama inapoa na wote wameharibu. Kwa hiyo watu wanalazimika kuongea. "Wewe bado dakika ngapi?" Ni swali ambalo, kwa ninavyosikia nikiwa kwenye sinki, maofisini haliulizwi mpaka mambo yameshaharibika.

Nimpe msomaji wa Mikocheni tukio moja. Kundi la bima lilikuja majira ya kuchipua, wakati asparaga, zile mboga za vijiti, zimejaa sokoni, na asparaga hapa huliwa na sosi ya hollandaise. Mkurugenzi wao wa fedha alikuwa ameshaanza kutoa maelekezo kabla hata ya kunawa mikono. Mpishi akampa sosi. Ni viini vya mayai na maji kidogo, unavipiga juu ya mvuke mpaka viwe vizito, halafu unamimina siagi iliyoyeyushwa, tone kwanza, baadaye uzi mwembamba. Bwana mkubwa alimimina kama mwenye gari linalomsubiri nje. Ikakatika, siagi huku, mayai kule, kama tui lililoachwa lichemke bila kukorogwa.

Akasimama kimya na bakuli lake. Msichana wa kitengo cha malalamiko ya wateja, ambaye tangu waingie hakuwa amesema neno zaidi ya "bonjour", aliacha karoti zake akaja. Akatia kiini kipya na kijiko cha maji kwenye bakuli safi, akaanza kuingiza ile iliyokatika kidogokidogo huku akipiga. Bakuli likawa linazunguka mezani. Mkurugenzi akalishika kwa mikono miwili lisiteleze, akaendelea kulishika mpaka sosi iliporudi kuwa laini na ya njano. Hakuna aliyepiga makofi. Ila walipokaa kula, alimuuliza kuhusu kazi yake, maswali ya mtu anayetaka jibu, na msichana alimweleza mambo ya mfumo wao wa madai ambayo inaonekana hakuwahi kupata mtu wa kumweleza. Kamba ya bonanza haifanyi hivyo. Kwenye kamba mwenye kilo nyingi anashinda, tunakwenda kunywa soda.

Na wanaume wakianza kuchekacheka wanapofungwa aproni, mpishi huwaambia habari za Eugénie Brazier, mwanamke aliyetoka kwenye umaskini wa kijijini, ambaye mwaka 1933 alikuwa na migahawa miwili, mmoja hapa Lyon na mwingine milimani nje ya jiji, yote ikiwa na nyota tatu za Michelin, kitabu kinachopima migahawa, na tatu ndiyo daraja lake la juu kabisa. Paul Bocuse, mpishi mashuhuri ambaye soko kubwa la vyakula la hapa limepewa jina lake, alipita kwenye jiko la mama huyo akiwa kijana. Huwa wanatulia.

Sasa yale ninayokubaliana naye. Ameandika kwamba walipelekwa Jumamosi, bila posho, na aliyekosa kwenda alitakiwa kuandika maelezo. Hilo ni kosa, na halina uhusiano wowote na Ufaransa. Makundi yanayofurahi hapa kwetu ni yale yanayokuja mchana wa siku ya kazi, saa hizo zikihesabiwa kuwa za kazi. Yale yanayoletwa jioni kwa lazima, nusu wanaangalia treni ya mwisho. Novemba 2022 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa katika kesi za kazi ilimpa haki mfanyakazi aliyefukuzwa, ambapo moja ya sababu za kumfukuza ilikuwa kukataa kuingia kwenye starehe za kampuni yake, zilizokuwa na ulevi wa kupindukia. Kama hata Ufaransa mtu anaruhusiwa kusema sitaki, Mikocheni vipi?

Jambo jingine ni nguruwe na mvinyo. Mapishi ya Kifaransa yanapenda kutupia vipande vya nyama ya nguruwe popote, na mvinyo ukipikwa kwenye mchuzi kilevi chake hakiishi chote, hata akikuambia nani. Ofisi iulize watu mapema, kwa karatasi, kila mmoja peke yake. Nimeshamwona kijana ameachiwa majani ya saladi jioni nzima kwa sababu kampuni yake haikuuliza, na wenzake wakimwonea huruma, jambo baya kuliko kumsahau. Mashindano nayo muyaache, na zawadi, na yule mtu wa utumishi anayezunguka na daftari. Watu wakijua wanapimwa, wanawaza kupimwa tu, na mayai yatavunjikia chini.

Wakitaka chakula kinachowezekana Dar, wapike ratatouille ya kule Nice: bilinganya, nyanya, hoho, zukini na vitunguu. Vingi vya hivyo vimejaa Kariakoo. Kwa utaratibu mzuri kila mboga inakaangwa kwenye kikaango chake kabla ya kuungana na nyingine, kwa hiyo hakuna atakayekosa kazi. Utamu uwe keki ya matufaha ya kupindua, tarte Tatin, na kama msimu upo watumie matufaha ya Lushoto, magumu kidogo, yasiyogeuka uji. Siagi iwe siagi kweli, si majarini. Kuipindua keki hiyo kunataka watu wawili na matambara makavu, maana karameli, yaani sukari iliyoyeyushwa motoni, inaunguza kuliko mafuta, na mmoja lazima amwamini mwenzake anapohesabu tatu.

Halafu vyombo. Wageni wetu hapa hawaoshi, naosha mimi, ndiyo kazi iliyonileta. Huko nyumbani wasikodi mtu wala wasimwachie mama wa usafi aliyealikwa kama mfanyakazi mwenzao. Sufuria za karameli zilowekwe maji ya moto kwanza.

Mama Rehema,
Villeurbanne, Ufaransa