Muhuri wa mtaa haukupi nyumba

Mhariri,

Maandishi ya rangi nyekundu ukutani, "Nyumba hii haiuzwi", si mageni kwa mkazi yeyote wa Dodoma. Aliyeyaandika anajua jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wamechelewa: karatasi ya mauziano inaweza kuandikwa na yeyote, juu ya nyumba yoyote, ikasainiwa na mashahidi wanne na kugongwa muhuri wa mtaa, na bado isihamishe hata tofali moja. Naomba nafasi nieleze kwa nini, maana maswali wanayouliza wanunuzi na wauzaji hapa mjini ni yaleyale kila wiki.

Kwa nyumba yenye hati, Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, inasema uhamisho unakuwa na nguvu pale unaposajiliwa. Mkataba ni ahadi ya kuhamisha. Ukiishia kwenye mkataba, ukaweka karatasi kabatini na kuhamia na magodoro yako, kwenye daftari la Msajili wa Hati mwenye nyumba bado ni yule aliyekuuzia. Akifariki, warithi wake wataikuta hati kwa jina la baba yao. Akidaiwa, mdai wake ataikuta hivyohivyo.

Kwa hiyo kabla ya bei, upekuzi. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, peleka maombi ofisi ya ardhi ya mkoa, lipa ada, upewe majibu ya maandishi. Majibu hayo yatakuambia jina la mmiliki, kama hati iko rehani benki, kama kuna zuio lililowekwa na mke, ndugu au mahakama, na muda wa umiliki uliobaki. Kuonyeshwa hati halisi hakutoshi, na nakala ndiyo usiitazame kabisa. Na upekuzi wa miezi mitatu iliyopita ni habari za zamani. Urudie siku chache kabla ya kulipa, kwa sababu zuio huwekwa kwa siku moja.

Hapa Dodoma kuna mtego wetu wenyewe. Tangu 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ndiyo iliyogawa viwanja vya mji huu, na karatasi zake zilikuwa za upangaji wa miaka 33. Shughuli zake zikahamia halmashauri, ambayo leo ni Jiji. Karatasi hizo bado zinazunguka mikononi mwa wauzaji zikiitwa "hati". Piga hesabu mwenyewe: ya 1991 ilifika mwisho 2024. Ukiletewa ya namna hiyo, muuzaji ndiye aanze kuibadilisha kuwa hati miliki kwa jina lake, ndipo mzungumze mauzo. Usikubali kuambiwa "utabadilisha mwenyewe, ni kazi ndogo", kwani hapo ndipo hutokea madeni ya pango la ardhi ya miaka mingi, au faili la mtu wa pili kwenye kiwanja kilekile. Hali hiyo ya kiwanja kimoja kuwa na wamiliki wawili, wataalamu wa ardhi huiita milki pandikizi. Barua ya toleo, tunayoiita ofa, nayo ina lake: ina masharti na malipo yake, na kama mwenye nayo hakuyatimiza kwa muda uliotajwa, anaweza kuwa anakuuzia karatasi tupu.

Kisha nenda kiwanjani ukiwa na mpima na ramani ya upimaji. Bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, ni chuma kilichozungushiwa zege, na ina namba. Namba iliyo chini lazima iwe ileile iliyo kwenye ramani. Greda la barabara likishapita au jirani akishajenga ukuta, bikoni hupotea, na watu huanza kukisia kwa mti wa mbuyu. Si mara moja mtu amekuta jiko lake limo ndani ya kiwanja cha mwenzake.

Swali linalozua ugomvi kuliko yote ni la mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Ridhaa hiyo iandikwe, iwe na picha, namba ya NIDA na sahihi iliyowekwa mbele ya wakili, siku ileile ya mkataba. Muuzaji akisema hana mke, aape kwa maandishi mbele ya kamishna wa viapo, na wewe bado uliza majirani, maana sheria hiyohiyo inawadhania kuwa wanandoa watu waliokaa pamoja miaka 2 na kujulikana hivyo. Ukipuuza hili, unaweza kulipa bei yote na mke akabaki na haki ya kuendelea kuishi humo. Kwa mwenye wake wawili, ulizia nyumba hiyo anaishi nani.

Nyumba ya marehemu ni fupi kueleza lakini ndiyo inayoharibika zaidi. Mtoto mkubwa si msimamizi wa mirathi kwa kuwa ni mkubwa. Dai barua ya usimamizi, ambayo kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Namba 4, pamoja na ridhaa ya warithi kwa maandishi. Msimamizi ajisajili kwanza kwenye hati, ndipo ahamishe kwako.

Sasa mkataba wenyewe. Sheria ya Ardhi, Sura 113, inataka uwe wa maandishi. Aliyeuandaa aandike jina na anwani yake, kwani Sheria ya Mawakili inawakataza wasajili kupokea waraka usio na jina la mwandaaji, na inamkataza asiye wakili kuandaa nyaraka hizi kwa malipo. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa kukuambia nani anaishi wapi, basi. Ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa kwenye baadhi ya ofisi za mitaa si kodi wala si ada ya kisheria.

Ndani ya mkataba andikeni bei halisi. Kuna ujanja wa kuandika milioni 40 wakati mmelipana milioni 110 ili kodi ipungue. Kwanza, kodi hutazama pia thamani iliyothibitishwa na mthamini wa serikali. Pili, mauzo yakivunjika na ukadai fedha yako, ushahidi ulionao ni wa milioni 40. Lipeni kwa benki, kwa awamu zilizotajwa tarehe, na awamu ya mwisho ibaki hadi muuzaji awe amesaini fomu zote za uhamisho. Taja pia vinavyobaki: tangi la maji, geti, mita ya LUKU. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, kwa hiyo mita yenye deni utaanza kuilipia wewe siku unayonunua umeme.

Kuhusu kodi, wauzaji wengi wameshikilia nusu ya habari. Mkazi anayeuza nyumba au kiwanja hutozwa asilimia 10 ya faida. Mfano: kiwanja milioni 20, ujenzi milioni 60, umeuza milioni 110, faida ni milioni 30, kodi milioni 3. Lakini hiyo ni kwa mwenye risiti. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ipi iliyo kubwa, yaani hapa si chini ya milioni 3.3. Fundi akikuletea risiti za saruji na nondo, zihifadhi pamoja na hati. Nayo ile kauli kwamba nyumba uliyoishi miaka 3 haina kodi ni kweli kwa sharti ambalo hawalitaji: faida isizidi milioni 15. Hata anayesamehewa anahitaji cheti cha TRA, kwani bila hicho Msajili hasajili.

Baada ya hapo mwendo ni huu: fomu za uhamisho, ambazo ni namba 29, 30 na 35, zijazwe na kusainiwa na pande zote mbili mbele ya wakili, ziende ofisi ya ardhi pamoja na hati halisi, taarifa ya uthamini, picha, vitambulisho na risiti ya pango la ardhi ya mwaka huu wa fedha. Ikitoka idhini ya uhamisho, cheti cha TRA kipatikane, ulipwe ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao kwa desturi ni wa mnunuzi, halafu faili liende kwa Msajili. Ushuru huo una siku 30 tangu kusainiwa. Ukichelewa kuna adhabu. Kinachokwamisha mafaili mengi ni kitu kidogo: jina. Hati inasema jina hili, NIDA inasema lile, herufi moja tu, na faili hurudi hadi muuzaji ale kiapo cha majina. Linganisheni herufi kwa herufi siku ya kwanza, muuzaji angali anapokea simu.

Anayenunua nje ya mji, vijiji vya Chamwino au Bahi, yuko kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura 114. Huko anayeridhia ni Halmashauri ya Kijiji ikiwa kwenye kikao. Mwenyekiti peke yake na muhuri wake hatoshi, na Mahakama ya Rufani iliwahi kutamka tangu miaka ya 1980 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila ridhaa hiyo ni batili. Omba nakala ya muhtasari wa kikao wenye jina lako, ukubwa wa eneo na majirani wa pande nne.

Mhariri, nina ombi kwako pia. Kurasa za matangazo madogo za magazeti yetu zimejaa "nyumba ina hati, bei maelewano". Mkiwadai watangazaji namba ya kiwanja na kitalu kabla ya kuchapa, msomaji atafanya upekuzi kabla hata ya kumpigia dalali.

Wakili, Dodoma