Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia kabla hujatia sahihi vibali vya maduka ya kampuni kubwa zenye matawi mengi. Kibali kikishatoka, sisi wakazi hubaki na kazi moja tu, kulalamika.

Sipingi biashara. Duka lenye matawi mia lina haki ya kutafuta wateja kama lilivyo lenye mlango mmoja. Kinachoniuma ni utaratibu wetu kuyachukulia maduka hayo kuwa sawa. Kampuni kubwa inaweza kuendesha tawi kwa hasara miaka miwili mitatu, matawi mengine yakilibeba. Fundi cherehani hamalizi hata miezi mitatu. Tena mwenye jengo akishaonja kodi ya pango inayolipwa na kampuni, huipandisha kwa fremu zote. Hakuna anayefukuzwa. Watu wanahama mmoja mmoja, na siku unapogundua, huna tena muuza duka anayeuliza hali ya mgonjwa wako.

San Francisco, huko Marekani, waliliona hili mapema. Sheria yao inatazama idadi ya matawi, 11 na kuendelea, pamoja na mabango, sare na mapambo yanayofanana kila yanapopelekwa. Mwaka 2006 wananchi walipiga kura kwamba duka la namna hiyo likitaka kuingia katika mitaa ya biashara iliyo kati ya makazi, ombi lake lijadiliwe na tume ya mipango na majirani wasikilizwe. Maduka hayo hayakupigwa marufuku mji mzima, na mengi yamepata vibali. Lakini kila moja hulazimika kueleza linakuja kuongeza nini mahali hapo.

Jambo la pili ni pembezoni. Duka kubwa hupenda ardhi rahisi nje ya mji, lenye maegesho mapana kuliko jengo lenyewe. Nyuma yake hufuata barabara, mabomba, nguzo za umeme na magari ya taka, na gharama ya kuvitunza huangukia wote, hata asiye na gari la kumfikisha huko. Jimbo la Oregon, huko huko Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1973 ambayo chini yake kila mji huchora mpaka wa ukuaji: ndani yake ujenzi, nje yake mashamba na misitu. Mpaka huo husogezwa, ila kwa hoja na ushahidi. Mwenye pesa kuomba tu hakutoshi.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni kusimamisha vibali vya maduka haya hadi kamati itakapoweka kanuni inayotazama matawi, ukubwa wa jengo na mahali linapokaa. Rasimu yake ibandikwe tuisome. Kisha itisha kikao cha hadhara, na kiwe jioni, wenye maduka wakiwa wamefunga na wafanyakazi wametoka kazini.

Tutakuja.

Mkazi wako